Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Tarehe Ambayo Haikuandikwa



Ndugu zangu, natumai daku imewaendea vizuri na swaumu ya leo ni nyepesi kwenu. Leo sitaleta hukumu za swaumu, tulishazipitia siku za mwanzo. Leo nina swali, na swali lenyewe si langu. Nimepewa na kijana aliyeanza madrasa kwangu akiwa bado hajui kutofautisha ba na ta. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake nisilitaje.

Kijana huyu alipata nafasi ya kusoma Ujerumani, katika mji wa Leipzig. Alipokabidhi tasnifu yake ilikuwa Mei 2019, Ramadhani imeshaingia, na viza yake ina wiki chache zimebaki. Akajiambia, hivi kweli nirudi Tanga bila kuiona Ulaya? Akakusanya akiba yake, akanunua tiketi ya treni inayotumika nchi nyingi, akafunga begi, akaondoka peke yake.

Njia yake ilikuwa hivi. Leipzig hadi Vienna. Vienna hadi Venice, treni ikipita milima ya Semmering, kwenye reli iliyokamilika mwaka 1854. Kutoka Venice akaenda Bologna, kisha Milan. Milan akakata kaskazini kuelekea Zürich kupitia handaki la Gotthard, kilomita 57 chini ya mlima, halafu Basel na kurudi Leipzig. Njia nzima hakuwa na mwenzake, hakuna aliyemjua hata jina.

Na njia nzima alifunga. Mchana wa Mei kule ni mrefu, kutoka alfajiri hadi magharibi ni kama saa 17. Yeye ni msafiri, na msafiri ana rukhsa ya kula na kulipa baadaye. Tena hilo halina aibu yoyote: masahaba walisafiri na Mtume (s.a.w.) katika Ramadhani, wengine wakafunga, wengine wakafungua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Lakini yeye aliona ana nguvu, akafunga.

Hebu fikirini. Hapa kwetu ukinunua chapati mchana wa Ramadhani, mama yako anajua kabla hujameza. Mtaa mzima ni askari wako. Kule, kijana amekaa dirishani, mbele yake mtu anakula mkate na jibini, mwingine anakunywa kahawa, na hakuna hata mmoja atakayeshangaa naye akinywa maji. Hakunywa.

Kwa hiyo mwaka huu nilimwita. Nikamwambia, mwanangu, njoo uzungumze na vijana baada ya tarawehe, uwaeleze ulivyoilinda swaumu yako ugenini ukiwa peke yako. Akakaa kimya. Kesho yake akaja nyumbani, akasema, "Ustadh, mimi sifai kuzungumza hayo." Nikadhani ni unyenyekevu. Kumbe si unyenyekevu.

Akaniambia habari ya tiketi.

Tiketi ile ilikuwa kijitabu cha karatasi chenye visanduku vya tarehe. Unanunua idadi ya siku, yeye alinunua chache kulingana na mfuko wake. Siku unayotaka kusafiri, kabla hujapanda treni, unaandika tarehe kwa wino usiofutika. Ukishaandika, siku ile ni yako, panda treni utakazo mpaka saa sita usiku. Usipoandika, siku yako haijatumika. Na mkaguzi hupita ndani ya treni. Wakati mwingine hupita, wakati mwingine hapiti.

Mmeshaelewa. Siku ya kutoka Venice kwenda Bologna, kijana wetu alipanda bila kuandika. Kalamu alikuwa nayo mfukoni. Akisikia mkaguzi anakuja, aandike haraka. Asipokuja, kisanduku kibaki kitupu, siku imeokolewa. Mkaguzi hakuja.

Siku ya kutoka Bologna kwenda Milan akafanya vilevile. Jioni, jua likazama treni ikiwa katikati ya mashamba. Akatoa tende tatu na chupa ya maji, akanyanyua mikono kuomba dua. Hapo hapo mlango wa behewa ukafunguliwa, mkaguzi akaingia, mtu mzima mwenye mvi. Kijana akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu. Yule mzee akamtazama, akaona tende, akaona maji, akaelewa. Akamwashiria kwa mkono: kula, kula kwanza. Akapita. Hakurudi tena.

Kijana akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyosema: "Ustadh, swaumu yangu ndiyo iliyonifichia wizi. Miaka yote hii nikiona tende namkumbuka yule mzee."

Kisha akaniuliza swali: "Niliyefunga ni mimi, na niliyejificha na kalamu ni mimi. Pote hakuna aliyeniona. Sasa yupi ndiye mimi?"

Ndugu zangu, nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la haraka. Nilitaka kumwambia, aa, mwanangu, jambo dogo hilo, piga istighfari, limepita. Ni jibu la huruma. Lakini mtu amekaa na mwiba miaka yote hiyo, ukimwambia hakuna mwiba humsaidii. Kwa hiyo tukakaa, tukalipima.

Mwenyewe alikuja na hoja zake, maana alishazitumia kujituliza. Ya kwanza: kiti kilikuwa kitupu, treni ingekwenda tu, nani amepata hasara? Nikamuuliza, mnazi wa jirani una nazi mia, ukiangua moja usiku, jirani atajua? Hatajua. Atapungukiwa chakula? Hatapungukiwa. Ni halali? Akacheka. Hasara ya jirani si kipimo peke yake. Kipimo ni ile ahadi. Alipoinunua tiketi alikubali kwamba ataandika tarehe kabla ya kupanda. Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao, wala haikusema mikataba na Waislamu tu, wala haikusema mikataba inayokaguliwa tu.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na najua wengi wenu mmeshaiwaza. Wazungu hawa, si ndio waliotutawala? Reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na waliobeba mataruma ni babu zetu. Sasa mjukuu akipanda treni mbili bure, hilo nalo ni dhambi?

Kwanza nilimtania: mwanangu, reli ya Tanga ilijengwa na Wajerumani, treni uliyoidandia wewe ni ya Italia. Unamdai Juma deni la Hamisi? Lakini nikamjibu kwa uzito wake pia, kwa sababu maumivu yale ni ya kweli. Haki ya babu zetu ipo, na inadaiwa mchana, kwa sauti, kwa majina na hesabu. Kalamu iliyofichwa mfukoni haidai haki ya mtu. Babu hakulipwa hata senti kwa siku ile uliyoiokoa. Uliyelipwa ni wewe.

Na tunaye wa kumuiga. Makuraishi walimtesa Mtume (s.a.w.), wakawatesa maswahaba wake, na usiku wa hijra walikuwa wamepanga kumuua. Usiku huo huo nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu wa Makka. Hakusema, hawa wametudhulumu, tuondoke nazo. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, katika hatari, ili amana zirudi kwa wenyewe. Na Imam Shafi, ambaye wengi wetu pwani tunafuata madhehebu yake, ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba Muislamu akiingia nchi ya watu kwa amani waliyompa, hata wawe maadui, si halali kwake kugusa mali yao. Viza ni nini, kama si amani uliyopewa?

Sasa turudi kwenye swali lake. Yupi ndiye yeye?

Mimi naona ni wote wawili, na hapo ndipo penye hatari. Kama angekuwa mwizi tu, angejua ni mwizi. Lakini yeye alikuwa amefunga saa 17 kwa ajili ya Allah, na moyo wake ukahisi una salio. Mtu mwenye salio hajioni ana deni. Tunafanya hivi sana. Asubuhi umetoa sadaka, mchana unampunja mteja kipimo cha sukari bila roho kukusuta. Umesimama tarawehe rakaa 20, ukirudi nyumbani unamfokea mkeo kama vile umepewa kibali. Wema mmoja tunaugeuza ruhusa ya ubaya mwingine.

Tazameni alichokifanya kijana wetu. Rukhsa aliyopewa na Mola wake, ya kula safarini, hakuichukua. Rukhsa ambayo hakupewa, akajipa mwenyewe. Cha halali alijinyima, cha haramu akachukua, siku moja, kiti kimoja. Na mimi simcheki, maana nimejiona mle ndani.

Mnajua mbali ya msikiti mimi ni mwalimu wa shule. Shuleni tuna daftari la mahudhurio, mwalimu unaandika jina, unaandika saa uliyofika, unasaini. Ramadhani ya mwaka fulani, baada ya daku na darsa la alfajiri, nilikuwa nafika saa mbili na dakika kumi. Na kwenye daftari naandika saa moja na nusu. Si mara moja. Nilikuwa najiambia, mimi nimekesha katika kazi ya Allah. Watoto wa darasa la nne walikuwa wanakaa bila mwalimu dakika 40, na mimi nimefunga, na kalamu iko mkononi. Kijana alipokuwa ananisimulia ya Bologna, nilikuwa nalitazama lile daftari kichwani mwangu. Kwa hiyo msidhani nawahubiria kutoka juu.

Kuna kitu wengi wetu tunakisoma bila kukitazama. Katika Surat al-Baqara, aya za swaumu zinaanzia ya 183, zinakwenda mpaka ya 187. Mle mna kufunga, mna msafiri na mgonjwa, mna dua, mna usiku wa Ramadhani. Aya inayofuata mara moja, ya 188, inakataza kula mali za watu kwa batili. Zimekaa bega kwa bega. Umejizoeza mwezi mzima kutokula chakula chako mwenyewe, cha halali, ulichokinunua kwa jasho lako. Basi mali ya mwenzako utaweza vipi kuila?

Mnakumbuka kisa cha Ibn Umar (r.a.) na mchungaji? Alimkuta jangwani, siku ya joto kali, mchungaji amefunga. Akamjaribu: niuzie mbuzi mmoja, mwambie tajiri wako mbwa mwitu amemla. Yule mchungaji akauliza, basi Allah yuko wapi? Tunapenda sana kisa hiki, lakini tazameni kilivyo: aliyefunga ndiye aliyejaribiwa kwa mali. Ibn Umar hakutosheka na swaumu yake. Alitaka kujua kama swaumu ile imefika mpaka kwenye mbuzi.

Hilo ndilo swali ninalowaachia leo. Swaumu yako imefika wapi? Imeishia kooni, au imefika kwenye mizani yako, daftari lako, simu yako, kalamu yako? Wewe mwenye duka, wewe fundi uliyechukua kitambaa cha mtu ukabakiza kipande, wewe dereva, wewe karani unayegonga mhuri: pale usipoonekana, kisanduku chako kimeandikwa tarehe?

Mtaniuliza, kijana umemwambia afanye nini? Haki ya Allah inafutwa kwa toba ya kweli. Haki ya mja inataka irudi kwake. Nikamwambia, nunua tiketi mbili kwenye mtandao, za njia zile zile ulizopanda, halafu usizitumie. Pesa itakuwa imefika kwa wenyewe. Akaniangalia. Tulipiga hesabu, jumla ni karibu laki moja ya Kitanzania. Akasema, "Ustadh, sikukuu hiyo inakuja, na watoto sijawashonea nguo." Sikumjibu. Nilijua laki moja ni nini kwake, na nilijua hakuja kwangu ili nimwambie asilipe.

Juzi usiku baada ya tarawehe akanitumia picha. Tiketi moja, Bologna hadi Milan. Ina jina lake, ina tarehe imeandikwa. Chini yake ameandika: "Hii moja Ustadh. Ya Venice nikipata mshahara, inshaAllah." Treni ile itaondoka na kiti kitupu, na safari hii kimelipiwa.

Nami jana asubuhi nilifika shuleni saa mbili kasorobo. Nikaandika saa mbili kasorobo. Mwalimu mkuu ameniuliza, nimemweleza, na dakika zile za zamani nimeanza kuwafidia watoto kwa kipindi cha jioni.

Ewe Mola wetu, tupe swaumu inayofika mikononi mwetu. Tusamehe tulichokificha, na utupe nguvu ya kurudisha kilicho cha watu kabla hatujafika siku ambayo hakuna tiketi wala laki ya kulipia. Aamin.

Tukutane kesho baada ya alfajiri, inshaAllah. Mwenye kisanduku kitupu asisubiri Idi.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.