Ngoma Isiyo na Jina



Wapendwa vijana, leo naomba mnivumilie kidogo, maana nitaanzia stoo ya parokia kabla hatujafika kwenye Injili.

Nilipokuwa kwenye mwaka wangu wa kichungaji, Baba Paroko alinikabidhi kwaya ya vijana. Nyuma ya sakristia kulikuwa na seti ya drams kuukuu: besi ya mguu, tomtom mbili na snea. Zote zimepakwa rangi nyeupe ya mafuta, ile ya madirisha. Hakuna jina wala nembo. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia zilinunuliwa zamani kutoka bendi ya dansi iliyokuwa imekufa, na katekista wa wakati huo akaona haifai vyombo vya baa kuingia kanisani na majina yake. Wakabandua kila kitu, wakapaka rangi. (Ubatizo wa namna hiyo sijauona bado kwenye kitabu chochote cha liturujia.)

Vijana walitaka tuwauzie watu wa vyuma chakavu. Nikasema subirini, kwanza tujue zimetengenezwa na nani, huenda zina thamani. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ya kweli nitaisema mbele.

Sasa, fundi wa ngoma isiyo na jina unamjuaje?

Tulianza kwa kudhani. Wazee wote walisema, "Hizo za Mwingereza." Dhana yenyewe haikuwa mbaya, kwa sababu Premier wa Leicester walikuwa watengenezaji wakubwa wa ngoma kule Uingereza. Lakini ngoma zao za zamani, mpaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, zilikuwa pana kidogo kuliko kipimo cha leo, kiasi kwamba ngozi ya inchi 12 ya siku hizi haiingii. Tukanunua ngozi moja ya inchi 12, tukaivalisha tomtom ndogo. Ikakaa kama kofia ya mwenyewe. Basi, Mwingereza wa enzi hizo akatoka.

Ikabidi tuzifungue, tutazame ndani. Kwa ngoma, ndani ndiko kwenye ushahidi, kwa kuwa nje kila mwenye mali anaweza kupaka anachotaka. Gretsch wa Marekani, kwa mfano, walizoea kupaka ndani rangi ya fedha. Yetu ilikuwa mbao tupu. Fundi seremala wa parokia akaikwangua kwa ukucha, akainusa, akasema hii si mbao ya huku. Ilikuwa nyepesi, nyekundu ya kufifia, yenye vinyweleo virefu kama mikwaruzo ya penseli. Ni lauani, mbao ambayo wafanyabiashara huiita mahogani ya Ufilipino ingawa si mahogani. Matabaka matatu membamba yamegundishwa pamoja, na juu na chini kuna pete ya mbao nyeupe ya kuzuia ngoma isipinde. Vile vyuma vinavyoshika skrubu vilikuwa vimeiga mitindo ya Marekani, ila kwa chuma chepesi zaidi.

Ukiziweka dalili hizo pamoja zinaelekea sehemu moja: Japani, miaka ya 1960.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa Beatles alipiga drams za Ludwig kwenye televisheni ya Marekani, na vijana wengi mno wakataka drams. Za Marekani zilikuwa ghali. Viwanda vya Japani vikaziba pengo hilo. Mmoja wao ni Pearl, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 na Katsumi Yanagisawa, kwanza ikitengeneza vishikio vya karatasi za muziki. Katika miaka hiyo ya 1960 Pearl walitengeneza drams zilizobeba majina ya wasambazaji zaidi ya thelathini: Apollo, Majestic, Whitehall, Coronet, na mengine mengi. Yaani ukisoma "Apollo" kwenye ngoma yako, hapakuwa na kiwanda cha Apollo cha kukitafuta. Jina lile lilikuwa la muuzaji. Na Pearl hawakuwa peke yao. Kulikuwa na viwanda vingine hukohuko vilivyofanya kazi inayofanana mno na hiyo.

Kwa hiyo hata kama katekista yule asingebandua nembo, bado tusingemjua fundi. Tulifika Japani, tukafika kwenye viwanda viwili vitatu, njia ikaishia hapo.

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikacheka peke yangu. Miaka mitatu ya falsafa, na jambo hili nalielewa stoo! Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la pili, anasema kwamba kutokana na matokeo tunaweza kuthibitisha kwamba chanzo kipo, ingawa matokeo hayo hayatoshi kutujulisha chanzo kikamilifu jinsi kilivyo. Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza, mwaka 1870, nao ulifundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia vitu alivyoviumba. Hilo si dogo, na msikubali mtu awaambie kwamba imani ni kufumba macho. Ngoma hii ina fundi. Bila hata nembo moja najua alipenda mbao gani na alikata ukingo namna gani. Jina lake sasa, hilo ngoma haiwezi kunipa. Ni mpaka yeye mwenyewe aseme.

Sababu yangu ya kweli ni hii. Mimi baba yangu simjui.

Nimelelewa na mama na mjomba. Jina la mwisho ninalotumia ni la mjomba. Kwenye cheti changu cha ubatizo, pale pa jina la baba, pamepigwa kistari. Natumia mkono wa kushoto, na upande wa mama hakuna wa kushoto hata mmoja, nimeshauliza mpaka kwa bibi. Basi nikiwa mdogo nilihitimisha kwamba mtu huyo yupo, na kwao kuna mtu wa kushoto. Wengine mna pua, mna sauti, mna namna ya kutembea ambayo hakuna nyumbani anayeielewa. Mnajua ninachosema.

Zamani kidogo tu hilo lingenikwamisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimhesabu aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa na kizuizi cha kupokea daraja, mpaka aondolewe. Ile ya mwaka 1983 imekiacha kizuizi hicho. Mlezi mmoja aliponieleza hayo nilitoka nje kuangalia miti.

Someni Mathayo 13, kuanzia mstari wa 54. Watu wa Nazareti wanashangazwa na hekima ya Yesu, halafu mara moja wanatafuta nembo: si mwana wa seremala huyu? Mama yake si Maria? Wakiisha kusoma nembo, wanaona wamemaliza kumjua, na wanajikwaa kwake. Na kwenye Yohana 8:19 wengine wanamwuliza usoni kabisa Baba yake yuko wapi. Swali hilo mimi nimeulizwa shuleni, kwa kejeli, mbele ya darasa. Sikuwahi kufikiri kwamba Bwana naye aliwahi kuulizwa, tena hekaluni.

Nisieleweke vibaya: Yosefu hakuwa kibandiko. Malaika alimwagiza ampe mtoto jina, akampa, akamlea. Mjomba wangu naye amenisomesha kwa kuuza mahindi, jina lake silionei aibu hata siku moja. Lakini Yesu alijua ametoka kwa nani, kwa hiyo aliweza kuitwa mwana wa seremala bila kuumia. Na jambo ambalo Tomaso anakiri kwamba akili peke yake isingelifikia, Yesu ndiye aliyetuambia: huyo Fundi anaitwa Baba. Hatukumfikia kwa kukwangua mbao. Alisema mwenyewe.

Kuna kitu kingine katika Isaya 49:15-16. Mimi nilikuwa natafuta alama ya fundi juu ya ngoma. Isaya anageuza: Mungu anasema ametuchora sisi kwenye viganja vyake. Sala yangu ya jioni siku ile haikwenda zaidi ya hapo. Nilitazama mkono wangu wa kushoto, nikalala.

Drams hazikuuzwa. Tuliziosha, tukabadilisha ngozi zote, na vijana wa VIWAWA wanazipiga Misa ya pili kila Jumapili. Pembeni ya tundu la hewa, tulipokwangua rangi, kilionekana kivuli cha nembo ya duara iliyobanduliwa. Kijana mmoja akapendekeza tuchonge nembo mpya ya parokia tuiweke pale. Tulijadiliana, tukapaacha vilevile.

Mwezi ujao naanza teolojia na kuna fomu nyingine mezani kwangu. Pale pa jina la baba bado sijajaza. Mama anasema niandike la mjomba, kama siku zote. Mniombee.