Mita ya Mwanagenzi

Fundi wa stima akiona 0 kwenye skrini ya multimita, sufuri hiyo ina maana mbili. Huenda waya anaoupima hauna stima. Huenda pia mita yenyewe ndiyo haioni: nyuzi za shaba zimekatika ndani ya plastiki, pale waya unapoingia kwenye kishikio, na kwa nje huoni hata alama. Skrini haitofautishi. Sufuri ya usalama na sufuri ya upofu zinaandikwa vilevile, na huku nyuma kuna volti 240.

Kwa hivyo nauliza: ni haki kumkabidhi mtu chombo ambacho wewe mwenyewe umeacha kukiamini?

Nauliza kwa sababu ya desturi moja utakayoiona katika karakana nyingi. Mita ikizeeka haitupwi. Inashushwa. Bosi ananunua mpya, ile ya zamani inaenda kwa fundi mdogo, na ikishaanza vituko kabisa inamfikia mwanagenzi, yule kijana wa miezi mitatu ambaye bado anauliza rangi za nyaya. "Shika hii, iko sawa tu."

Sina ubaya na mita za bei ya chini. Zile za aina ya DT830, ndogo, za manjano au nyeusi, unazipata Luthuli Avenue kwa pesa kidogo sana, na zimewafungulia mlango vijana ambao hawangeweza kununua mita ya maelfu. Ubongo wake ni muundo wa miaka ya 1970, chipu ya ICL7106 ya Intersil au ndugu zake, na muundo huo ni mzuri. Ikiwa mpya, yenye betri nzuri, inatosha kazi nyingi za kila siku. Wale wanaorudia ati rahisi ni ghali mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kukosa pesa ya kununua ghali.

Shida ni vile inavyozeeka. Mita hii hupima kwa kulinganisha: ndani yake kuna volti ndogo ya marejeleo, na kila unachogusa kinapimwa dhidi ya hiyo. Betri ya 9V ikichoka sana, volti hiyo ya marejeleo nayo inashuka. Ni kama rula iliyosinyaa, kila kitu kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Mita haizimiki wala hailalamiki. Inakuonyesha 270 mahali penye 240. Nyingine hazina hata alama ya kuonya kwamba betri inaisha.

Fundi wa miaka ishirini akiona 270 atacheka, atafungua kifuniko na kubadilisha betri. Ana kipimo kingine kichwani. Mwanagenzi hana. Yeye ataenda kumwambia mama mwenye duka kwamba stima imezidi, anunue stebilaiza, na mama wa watu atanunua. Chombo kinachohitaji busara nyingi zaidi kimepewa mtu mwenye uzoefu mdogo zaidi, na gharama imelipwa na mtu wa tatu ambaye hakuwepo wakati wa kukabidhiana.

Mita haiwezi kusema uongo, haina nia. Lakini ule msemo wa "iko sawa tu" una msemaji, na msemaji anajua.

Najua utetezi wake: hata mimi nilianza na hii hii. Hapo sikubali. Kuponea si ushahidi kwamba kitu ni salama. Walioshindwa kuponea hawako karakanani kutoa maoni yao. Tena EPRA inapotoa leseni inampima mtu, haipimi mita iliyo mfukoni mwake. Maabara za KEBS husahihisha vipimo, lakini nani atapeleka huko mita ya mia chache? Kazi hiyo inabaki kwa anayekabidhi.

Na si kazi kubwa, hilo ndilo linaloniudhi. Gusanisha ncha mbili kwenye kipimo cha omu huku ukipindapinda nyaya. Namba ikirukaruka, waya umekufa. Swichi ya kuzungusha ikiota kutu, safisha vibao vyake kwa spiriti na pamba. Mita ikikaa bila kazi, toa betri, maana ikivuja inakula saketi. Na jambo kubwa kuliko yote: kabla ya kuuamini waya uliokufa, gusa kwanza mahali unapojua pana stima, kisha waya wako, kisha rudi pale penye stima. Hatua ya tatu ndiyo watu huruka, kumbe mita inaweza kufa katikati ya hatua ya kwanza na ya pili.

Mwonyeshe kijana hayo, mpe na betri mpya, na mita mbovu kiasi inakuwa chombo cha kufundishia kuliko nzuri. Atajifunza kushuku namba, jambo ambalo mita ya bei ghali haimfundishi mtu.

Lakini kuna zisizostahili kushushwa kwa yeyote. Tundu la 10A katika nyingi ya mita hizi halina fyuzi, na zimeandikwa hivyo wazi. Tundu lile lingine lina fyuzi, na ikiungua kuna watu huziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kwa nje mita hiyo ni nzima kabisa. Anayeishika akikosea kipimo, kitu pekee kilichobaki kuungua ni mita yenyewe, ikiwa mkononi mwake. Hiyo usimpe mwanagenzi, na usiitupe tu vivi hivi. Ikate nyaya, uvunje skrini kwanza, kwa sababu pale jaani kuna mtu ataiokota, ataipangusa, aiweke betri, na itawaka.