Mbuzi ya Nazi

Wiki ya nne baada ya kubadilishiwa nyonga, shangazi yangu aliikalia mbuzi akakuna nazi. Tulimwona, na hakuna aliyemzuia. Maumivu yaliyomtesa miaka na miaka, hata akawa hatoki chumbani bila kushika ukuta, yalikuwa yamekwisha. "Nimepona, wanangu," alisema, nasi tukaamini.

Hatukujua kwamba kutoumwa na kupona ni vitu viwili. Maumivu yale yalitoka kwenye kiungo kilicholika, na hicho kilishaondolewa. Daktari alikata kichwa cha mfupa wa paja, akachomeka shina la chuma lenye tufe, na tufe likaingia kwenye kikombe kipya. Ndio muundo aliouanzisha daktari Mwingereza John Charnley mwaka 1962: tufe la chuma, kikombe cha plastiki. Lakini kuufikia mfupa lazima nyama zipasuliwe, na shangazi alipasuliwa kwa nyuma. Misuli na mfuko unaokishika kiungo huchukua wiki 6 hadi 12 kushikamana vyema. Hadi hapo, mgonjwa wa namna yake huambiwa asikunje nyonga kupita digrii 90, asikunje nne, asigeuze mguu kwa ndani.

Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi tuliyopewa, pamoja na katazo la viti vifupi. Tulitii: kitanda tulikiinua kwa matofali, makochi ya sebuleni tukayaondoa. Jikoni hatukupaangalia. Nani huita mbuzi kiti? Na ukiikalia, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na mwili mzima unainamia kifuu.

Alipojaribu kuinuka tulisikia mlio, kisha kelele zake. Mguu ulikuwa umefupika na umegeukia ndani. Hospitali walimpiga nusu kaputi wakauvuta mpaka tufe likarudi. Nilikaa nje ya mlango ule nikijilaumu, maana nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, nikimsifu.

Safari hii mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliiweka karatasi kando. "Mama, toka uamke mpaka ulale, unakaa wapi na wapi?" Shangazi akaanza kuhesabu kwa vidole: kigoda cha kufulia, mkeka wa kuswalia, choo cha kuchuchumaa, kizingiti cha mlango wa uani anapochambulia mchele. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mkono wa pili.