Usiilaumu bei
Pakiti ya unga wa kahawa ya robusta ya Bukoba haiogopeshi mfuko, na kwa kafeini huishinda arabika karibu mara mbili. Uchungu wake ndio raha ya wanywaji wa vijiweni, kashata mkononi. Nyumbani huharibiwa na mapishi: inatokoswa mpaka inakuwa kali kama dawa, kisha pakiti inaachwa wazi na harufu yote inapotea. Chemsha maji, epua, tia vijiko viwili vya chai vya unga kwa kila kikombe, koroga, funika dakika nne hadi machicha yatuame. Tangawizi ni hiari yako. Pakiti ifunge barabara. Ukishafanya hayo na bado hainyweki, hapo ilaumu bei.