Dhambi ya Muuaji na Shingo ya Jirani Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeharimisha nafsi kuuawa ila kwa haki. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Taifa likishambuliwa na magaidi, wakauawa watu wasio na hatia sokoni, chuoni au safarini, lijibu vipi? Wapo wasemao: lilipe kisasi upesi kwa kila anayefanana na wauaji kwa dini au kabila. Na wapo wasemao: linyamaze, kwani wauaji nao wana malalamiko yao. Kauli zote mbili ni mbovu, na ubovu wake watoka katika shina moja: zote zamwondolea muuaji dhambi yake. Ya kwanza humtwika jirani. Ya pili huitupa njiani isiwe ya mtu.

Sharia haikulegea katika jambo hili. Mwenye kuwatisha watu njiani kwa silaha ni adui wa umma mzima, na ni wajibu wa mtawala kumwandama hata amkamate. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi adhabu hupimwa kwa kitendo cha kila mmoja. Aliyeua huuawa, aliyetwaa mali bila ya kuua hukatwa, na aliyefuatana nao akakuza idadi yao, asiue wala asitwae, hutiwa adabu kwa kufungwa au kuhamishwa. Zingatia vizuri: hata huyu aliyesimama safuni mwao hatwikwi damu iliyomwagwa na mwenziwe. Basi vipi atatwikwa mwenye duka ambaye hana alichoshirikiana na muuaji ila lugha na nasaba?

Na kigezo kipo. Makhawariji walipomwasi Sayyidna Ali na kumkufurisha hadharani, hakuwazuilia misikiti wala hakuanza kuwapiga. Walipomuua Abdallah bin Khabbab pamoja na mkewe mjamzito, aliwataka kwanza wawatoe wauaji. Walipokataa ndipo alipowapiga Nahrawan. Kisha mwaka 40 wa Hijra (661), mmoja wao, Abdurrahman bin Muljam, alimpiga upanga mjini Kufa. Naye Ali, hali ana jeraha la mauti, aliagiza mfungwa yule alishwe na anyweshwe. Na akifa yeye, auawe yule mmoja tu, asikatwe viungo, wala watu wasiogelee katika damu za wengine kwa sababu ya kuuawa Amiri wao. Huyo alikuwa khalifa, na damu iliyokuwa ikimtoka ilikuwa yake mwenyewe.

Sasa itazamwe nchi ya Kenya. Tarehe 21 Septemba 2013 waliuawa watu 67 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya miripuko mingine, serikali ilikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia wa nchi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, wakauawa watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa. Haisemwi kwamba lile lilileta hili. Yasemwa kwamba lile halikulizuia hili.

Huenda mtu akasema: wauaji hujificha baina ya watu wao, basi watapatikanaje pasipo kuwakamata wote? Jawabu ni kwamba anayejua nani kaingia mtaani usiku ni jirani, na jirani husema na yule anayemwamini. Askari aliyemvunjia mlango na kumfedhehesha mbele ya wanawe hatamwamini tena. Kwa hivyo dhulma, juu ya kuwa ni haramu, huziba mdomo uleule unaotakiwa useme.

Na wauaji walijua walitakalo. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, waliliteka basi, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Makusudio yao ni kuigawa nchi makundi mawili yasiyoaminiana. Serikali inapowatenga raia kwa nasaba huikamilisha kazi hiyo kwa mkono wake. Lakini tarehe 21 Disemba 2015, karibu na El Wak, walipoliteka basi jingine na kuamrisha abiria watengane, Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike, na wauaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha lile. Jawabu la taifa lilitoka kwa abiria wale kabla ya kutoka kwa wakubwa.

Haya pia yawahusu Waislamu wanaonyamaza. Kudhulumiwa hakuhalalishi damu ya mwanafunzi aliyelala kitandani mwake. Anayemjua muuaji akamficha kwa kuwa ni wa ukoo wake, naye amemfanyia nasaba kuwa ngao, kama serikali inavyoifanya nasaba kuwa kosa. Ushahidi ni wa Mwenyezi Mungu, ujapokuwa juu ya ndugu.

Na mlango wa toba usifungwe. Mwezi ule ule wa Aprili 2015 serikali ya Kenya ilitangaza msamaha wa siku 10 kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab wakataka kurejea. Jambo hili lina asili katika Qur'ani, Sura ya Maida, iliyowatoa katika adhabu ya wakata-njia wale waliotubu kabla ya kushikwa. Ila haki ya waliouliwa haianguki kwa toba. Hiyo ni ya mawarithi wao, wakitaka watadai, na wakitaka watasamehe.

Basi taifa na limwandame muuaji kwa nguvu zake zote, limsimamishe mbele ya kadhi kwa bayana, na likome hapo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, na atujaalie uadilifu tunapokuwa na ghadhabu. Amin.