Pumzi Usiyoikumbuka

Usiku kucha umelala fofofo, wala hakuna aliyekukumbusha kuvuta pumzi. Shina la ubongo, hapo kisogoni, liliiendesha kazi hiyo, kwa kawaida mara 12 hadi 20 kila dakika.

Wengi hudhani ubongo husubiri oksijeni ipungue. Kumbe kinachousukuma hasa ni kabonidioksidi: ikizidi kidogo tu, vipokezi vya ubongoni huhisi asidi imepanda, na kifua huamriwa kupanuka. Oksijeni ina vipokezi vyake shingoni, vidogo kama punje ya mchele. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa utafiti wa vipokezi vya aina hiyo. Ila vipokezi hivyo hushtuka sana pale tu oksijeni inaposhuka mno.

Sasa mtazame kijana ufukweni anayehema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi. Anadhani anajaza oksijeni. Kwa kweli anaitoa kabonidioksidi, ile inayopaswa kumwonya. Chini ya maji hasikii hamu ya kupumua, na anaweza kuzimia ghafla. Wazazi, makocha, manahodha: tafadhali wakatazeni vijana mchezo huo leo.