Jina Juu ya Daraja

Wapo wasemao kwamba mtu mwema hutenda wema wake akalificha jina lake. Neno hilo ni zuri katika sadaka. Lakini katika ujenzi wa daraja, sidhani kuwa ni zuri.

Fikiri, msomaji, juu ya daraja la Fabricius lililo juu ya mto Tiber katika mji wa Roma. Lilijengwa kwa mawe mwaka 62 kabla ya Kristo, na hata leo watu hulivuka kwa miguu kwenda kisiwani katikati ya mto. Lina matao mawili makubwa, na katika nguzo ya kati limeachwa tundu lenye tao dogo, ili maji ya gharika yapate njia yasiisukume nguzo. Aliyelipanga tundu lile alikuwa na adabu mbele ya mto.

Juu ya matao hayo yamechongwa maneno kwamba Lucius Fabricius, msimamizi wa barabara, aliisimamia kazi, na kwamba ni yeye yule aliyeikubali kuwa imefaa. Soma tena sehemu ya pili. Kama angalisema amejenga tu, tungalimwita mpenda sifa. Bali kusema ameikubali ni kujifunga: likianguka, kila apitaye amjua wa kumwuliza. Mwaka 21 kabla ya Kristo makonsuli Lollius na Lepidus nao wakachonga majina yao papo hapo, kwamba wamelikubali.

Huenda Fabricius alipenda sifa vilevile. Moyo wake siuoni. Tena mikono iliyoyabeba mawe yale haikutajwa, na huo si upungufu mdogo.

Hapa Keroka mpaka wa Kisii na Nyamira wapita katika mji, na pande zote mbili vijito ni vingi. Vingine twavivuka juu ya magogo ya mikaratusi. Gogo likioza, ng'ambo hii huingoja ng'ambo ile, na mtoto aendaye shule wakati wa masika hana nafasi ya kungoja. Na pale palipojengwa daraja la saruji, aghalabu bamba lake humtaja aliyekata utepe. Sina ugomvi na utepe. Lakini mkata utepe hakupima saruji, wala hakuuchunguza udongo wa ukingoni. Natamani kuona, hata juu ya gogo, jina la mtu aliyelikanyaga kwanza, akaridhika nalo, ndipo akamwita mtoto wa mwenziwe avuke.